Mstari wa Tisa wa Barua ya Baba

Mchafukoge, Dar es Salaam
Jumanne, adhuhuri

Kwa Mama yangu,

Shikamoo, Mama. Najua umeitika kwa sauti, kama unavyoitika hata redio ikikuamkia. Macho yanaendeleaje? Ule ukungu wa jicho la kushoto umetanda zaidi, au bado unauona mwanga wa dirisha asubuhi? Kifua je, na baridi ya mwezi huu? Ng'ombe amezaa salama? Mimi mwili wangu ni mzima. Kuhusu mengine ndani yangu sitadanganya kwamba ni mazima, na barua hii itakueleza kwa nini.

Anayekusomea ni Kaka Elinami. Karibu naye, kwenye kigoda cha mlangoni, ameketi jirani yetu Mwalimu Felista, na mkononi ana nakala ya pili ya barua hii hii, niliyoinakili kwa mkono neno kwa neno. Nimemwomba afuatilie kwa kidole kama alivyotufuatilia sisi sote tulipokuwa darasa la pili. Kaka akiruka neno, Mwalimu atakohoa. Ningeweza kumwomba Mwalimu akusomee mwenyewe, mambo yakapita kwa heshima. Nimeamua vingine. Nataka maneno haya yatoke kinywani mwa mwanao, kwa sababu ndiye aliyeyaficha.

Mama, la kwanza nalisema wazi kabla ya maelezo yoyote: usihame. Jumamosi hii Baba Mdogo na wanawe watakuja kubeba kitanda chako na vyombo vyako, wavipeleke kwenye chumba cha nyuma kwa Kaka. Wamekwambia ni kwa ajili ya kuezeka bati jipya, na kwamba utarudi mvua zikikatika. Hutarudi. Ile karatasi uliyobonyeza kidole gumba haikuwa ya bati. Ni karatasi ya kikao cha ukoo kilichokaa Jumamosi iliyopita, na inasema umekubali kumwachia Baba Mdogo nyumba ya juu na migomba inayoizunguka, pamoja na pale alipozikwa Baba. Mimi nitafika Jumapili jioni. Siwezi kufika kabla, na sababu nitaitaja. Kwa hiyo ipo siku moja ambayo utakuwa peke yako. Siku hiyo nakuomba ukae kwenye kiti chako, mlangoni mwako, usisimame kwa ajili ya mtu yeyote.

Kaka, endelea kusoma.

Unakumbuka, Mama, ule mchezo wa kwenye simu ambao Krismasi uliuita ugonjwa wetu, kwa kuwa tulikaa nao jikoni mpaka maziwa yakafurika? Sijawahi kukueleza ni mchezo gani. Ni wa mafumbo. Unaonyeshwa chumba kwenye kioo cha simu: picha ukutani, saa, rafu ya vitabu, zulia. Mahali fulani ndani yake umefichwa ujumbe, maneno yakiwa yamegeuzwa namba au alama, na mlango haufunguki mpaka uusome. Ukishakuwa mzoefu, unaruhusiwa kujenga chumba chako mwenyewe, ukakifunga kwa ufunguo unaoujua wewe, ukamtumia mwenzako. Mimi na Kaka tumetumiana vyumba tangu nilipomaliza chuo nikabaki huku. Tulijiwekea masharti mawili. La kwanza, hakuna kuambiana jibu. La pili linahusu kitaa, yaani taa ndogo, kilichopo pembeni ya kila chumba, ambacho ukikibonyeza kinakupa msaada. Atakayekibonyeza amekubali kushindwa, na Krismasi atafua nguo za mwenzake mbele ya watu wote.

Ilikuwa furaha yangu pekee ya kweli katika jiji hili, na huenda ndiyo maana sikuona ilikotupeleka. Nikikumbuka vizuri, kwa miaka yote hiyo hatukuambiana jambo zito hata moja kwa mdomo. Niliponyimwa ile kazi ya kufundisha hesabu niliyoisubiri, nilimwambia Kaka ndani ya chumba. Mchumba wake alipomwacha, aliniambia ndani ya chumba, kwa saa za ukutani zilizosimama nyakati mbalimbali. Nilipoisoma nilifurahi kwanza kwa kuifungua, kisha ndipo nikamhurumia. Mpangilio huo wa hisia ulipaswa kunitisha. Haukunitisha.

Sasa nikueleze mahali nilipokuwa jambo hili lilipotokea, maana sijawahi kukuandikia ukweli kuhusu hapa. Nilikwambia nafanya kazi ofisini Kariakoo. Nafanya kazi stoo, ghorofa ya pili juu ya duka la jumla la mapazia, kwenye mtaa mmoja unaotokea Msimbazi. Stoo haina dirisha. Majora ya vitambaa yamepangwa mpaka darini, na kazi yangu ni kujua kila jora liko wapi, lina mita ngapi, na kuteremsha linalotakiwa kabla mteja hajabadili mawazo. Chini, barabara nzima ni meza za wamachinga, na kupita mpaka mlangoni pako unaombana njia na watu wanaokuona wewe ndiye uliyewazibia. Bosi wetu ni mtu wa kwetu, wateja humwita Mangi kama wanavyomwita kila mwenye duka kutoka Kilimanjaro. Nilidhani kuwa wa kwetu kungenisaidia. Kumemsaidia yeye kujua namna ya kunitukana.

"Una digrii ya hesabu," huniambia mbele ya wateja, "basi nihesabie hatua zako, mbona kutoka stoo mpaka hapa zinachukua nusu saa?"

Mwenzangu wa stoo ni Zaituni, mama wa makamo kutoka Newala, ambaye pia nimepanga naye chumba hapa Mchafukoge. Yeye hucheka kila kitu, na mwanzoni nilidhani hana uchungu. Siku hizi nadhani anao mwingi kuliko wangu, ila amejua pa kuuweka.

Jumatatu moja, siku kumi na mbili kabla ya kikao, Kaka alinitumia chumba kipya. Hakikuwa chumba hasa. Alikuwa amechora migomba yetu ya juu, Mama, kwa uangalifu ambao sikujua kama anao: mfereji, jiwe lako la kuanikia, ukuta wa nyuma wa nyumba yako. Kulikuwa na migomba ishirini imesimama miwili miwili, na kila mmoja una mkungu. Mkungu mmoja ulikuwa na chana saba, mwingine chana tatu, mwingine chana moja. Wewe unajua hakuna mkungu wenye chana moja. Nami nilijua mara moja kwamba chana ndizo namba, na kwamba kila jozi ya migomba ni neno moja. Hapo ndipo nilipokwama.

Nilijaribu kila ufunguo nilioujua. Nilizigeuza namba kuwa herufi, nikazisoma kinyumenyume, nikazijumlisha, nikazipima na tarehe zetu za kuzaliwa. Nilikuwa nikifanya hivyo nimeketi juu ya majora, simu imeegemezwa kwenye kitabu cha stoo, na Zaituni akinipa maji.

"Shoga, hiyo migomba inakula akili yako," aliniambia. "Bonyeza hicho kitaa."

"Nikibonyeza nitafua nguo zake."

"Si ufue. Kwani hana sabuni?"

"Siyo nguo, Zaituni. Ni kushindwa."

"Haya, msomi. Shinda."

Siku ya nne Kaka akapiga simu. Chini kulikuwa na lori linashushwa, na Mangi alikuwa akiita jina langu. Aliuliza, "Umekifungua?" Nikasema bado. Akasema, "Aika, sikiliza." Nami, Mama, nilimkatiza. Nakumbuka maneno yangu yote, na natamani ningekuwa na uwezo wa kuyasahau: "Usiniambie. Ukiniambia sitakusamehe. Nitakifungua mwenyewe." Alicheka kidogo, siyo kicheko chake cha siku zote, ingawa hilo nalisema leo; siku hiyo nilisikia kicheko tu. Akasema, "Haya. Lakini usichelewe." Wiki iliyofuata alipiga tena, siku ya Alhamisi, akauliza swali lile lile, nikampa jibu lile lile.

Jumamosi ya kikao nilikuwa nikipima mapazia ya mtu wa hoteli. Hiyo ndiyo saa ambayo wewe uliletewa karatasi na wino.

Jana Jumatatu, mchana, nilibonyeza kitaa. Nilikuwa nimechoka, na Zaituni alikuwa ameshika mkono wangu kwa mzaha akiusogeza kuelekea kwenye kioo cha simu. Kitaa kilipowaka kilionyesha picha moja: bahasha ya rangi ya udongo yenye mwandiko wa Baba, jina langu na anuani ya bweni langu la chuo. Niliteremka ngazi, nikapita katikati ya meza za watu nikitukanwa kila hatua, nikatembea mpaka chumbani, nikatoa kopo la biskuti chini ya kitanda. Barua ya mwisho ya Baba imo humo, ile aliyoniandikia baada ya kupooza mkono mmoja. Ni ukurasa mmoja, mistari kumi na mmoja. Mgomba wa kwanza wa kila jozi ulitaja mstari. Wa pili ulitaja neno. Nilizipanga namba kwa penseli, na maneno kumi yakatoka katika mwandiko wa marehemu mume wako: *Kikao Jumamosi ijayo. Mdogo wangu anataka nyumba. Mama anatoka. Njoo.*

Nataka usikie lilivyosikika kwangu. Kaka humwita Baba Mdogo "Baba Mdogo". Anayemwita "mdogo wangu" ni Baba. Kwa kuwa maneno yote yalikuwa yake, ujumbe ule ulinijia kwa sauti yake, miaka mitatu baada ya kuzikwa, ukinionya juu ya siku ambayo ilikuwa imeshapita.

Zaituni alinifuata. Alinikuta nimeketi sakafuni, na nilipomweleza alivua kilemba chake akakikunja taratibu mapajani.

"Kwa hiyo kakako amekuita kikaoni kwa ndizi," alisema.

"Ndiyo."

"Sisi kwetu mtu akitaka kukudhulumu anakudhulumu waziwazi, mnagombana, mnamalizana. Nyie wasomi mna kazi."

Sikucheka, lakini nilimshukuru. Nikampigia Kaka. Mazungumzo yetu nayaandika hapa kama yalivyokuwa, ili ayasome yeye mwenyewe, na ili aweze kumwambia Mwalimu kama nimeongeza chochote.

"Nimekifungua chumba," nilisema.

"Umechelewa, Aika."

"Ulinitumia wito wa kikao kwenye migomba?"

"Nilikupigia simu."

"Ulinipigia ukaniuliza kama nimefungua."

"Na wewe ukanijibuje?"

Nikasema, "Ungetamka neno moja tu. Ungesema: Mama. Ningepanda basi siku hiyo hiyo."

"Baba Mdogo alikuwa ameketi mbele yangu. Simu iko mezani, sauti iko juu. Ningesemaje?"

"Mara zote mbili?"

Nilisikia mashine ya kunyolea ya kibanda chake cha kinyozi ikizunguka bila kunyoa mtu. Halafu simu ikachukuliwa, na aliyezungumza akawa Baba Mdogo mwenyewe. Nikamwamkia, akaitikia vizuri sana.

"Mwanangu," alisema, "kikao kilikuuliza. Nilisema mbele ya wazee wote: binti wa marehemu amejulishwa? Kaka yako akasimama, akasema amejulishwa, hajajibu. Na wewe unajua ya kwetu. Mtoto aliyejulishwa asije wala asitume neno, amekubali. Siyo sheria yangu. Niliikuta."

"Nilijulishwa kwa fumbo, Baba."

"Hayo ni yenu nyie na simu zenu. Wazee waliuliza kama umejulishwa, hawakuuliza kwa lugha gani." Akakohoa. "Na maandishi ya marehemu hayapo. Tuliuliza kwenye matanga, mkasema hayapo. Jumamosi tunamhamisha Mama yako kwa amani. Usilete maneno ya mjini."

Mama, kwenye hilo la maandishi alisema kweli, na kosa ni langu. Sasa nafika mahali ambapo hasira yangu hainyooki tena, nami sitaki kuilazimisha inyooke.

Wazee walipouliza kwenye matanga kama Baba ameacha neno lolote lililoandikwa, barua hii ilikuwa kwenye mkoba wangu. Nilikaa kimya. Baba alikuwa ameandika humo jambo kuhusu nyumba, na mara baada yake, mstari wa kumi, jambo kuhusu Kaka: kwamba ni mwema ila hukubali upesi, na kwamba niwe mgongo wake. Niliona siwezi kulitoa la nyumba bila wazee kusoma na hilo, mbele ya wajomba, mbele ya vijana aliokua nao. Nilijiambia namhifadhi ndugu yangu. Leo nikijiuliza kwa makini, sina hakika. Huenda nilipenda tu kuwa mtu pekee anayejua. Kuna utamu katika kushika ufunguo ambao wengine hawajui kama upo, na mchezo ule ulinizoesha utamu huo.

Krismasi iliyopita Kaka aliniomba aione barua. Nikampa, kwa kuwa nilichoka kuificha. Aliipiga picha kwa simu, akanirudishia, akachukua panga akaenda kukata majani ya ng'ombe, hakurudi mpaka chakula kikapoa. Kwa hiyo alipoandika chumba cha migomba alikuwa ameshausoma mstari wa kumi. Alijua Baba alimwonaje. Alijua pia mimi nilikuwa nikijua kwa miaka mitatu, nikimtazama.

Tangu jana najiuliza alitaka nini. Upande mmoja ni huu: mtu asiyetaka dada yake afike, lakini anataka kusimama kikaoni na kusema "amejulishwa" bila kuapa uongo, angefanya hivi hasa. Angetuma ujumbe mgumu kadiri awezavyo, angepiga simu mara mbili ili ahesabiwe kupiga, na angelala usingizi wake. Upande wa pili: mtu aliyekaliwa mbele na mwenye nguvu kuliko yeye, ambaye maisha yake yote amezungumza na dada yake kwa mafumbo tu, angefanya hivi hivi. Angechagua ufunguo ambao utamlazimisha dada afungue kopo na kuisoma upya barua ya Baba. Angeweka msaada mahali pa kubonyeza mara moja. Na angemalizia kwa neno "njoo". Asiyetaka uje haandiki njoo. Au anaandika, akijua litafika limechelewa.

Kuna jambo jingine nililoligundua alfajiri ya leo, na ndilo linalonizuia kukata shauri. Ujumbe una maneno kumi. Barua ina mistari kumi na mmoja. Kaka alichukua neno moja kutoka kila mstari, hata ule wa kumi uliomuumiza, ila mstari mmoja hakuugusa: wa tisa. Na siyo kwamba haukuwa na la kumfaa. Alihitaji neno "nyumba", na mstari wa tisa unaanza kwa neno hilo hilo. Akaliruka, akaenda kulitafuta mstari wa tatu, pale Baba anapozungumzia nyumba ya mchungaji. Mtu harukii mbali kiasi hicho kwa bahati. Katika mchezo wetu, pengo la namna hiyo ndilo hubeba ujumbe wa kweli. Lakini nimeishi muda mrefu kiasi cha kujua kwamba mtu anaweza pia kuruka mstari kwa sababu tu hawezi kuutazama. Aibu na ishara huacha pengo linalofanana. Nimelipima pengo hili kwa kila namna niliyofundishwa, nami sijui.

Kwa hiyo Kaka, wewe unayesoma: nimekukasirikia kwa hasira ambayo sikuwahi kuwa nayo kwa mtu. Nikifikiri jinsi Mama alivyonyoosha kidole gumba akikuamini wewe umuelekeze mahali pa kukibonyeza, mwandiko wangu unaharibika, kama unavyouona hapa. Kama uliniita kwa kweli, bado ulimshika Mama mkono. Hakuna fumbo la kulifuta hilo. Na kama hukuniita, usinieleze kwa simu. Nitakuuliza nikiwa nakutazama.

Sababu ya kutofika kabla ya Jumapili ni hii. Jana jioni nilimwomba Mangi ruhusa ya wiki moja.

"Msimu huu?" alisema. "Mwambie huyo kaka yako asogeze kikao."

"Kikao kimeshapita."

"Basi unakwenda kufanya nini? Kuhesabu migomba?" Watu wa dukani wakacheka. "Ukienda, ufunguo wa stoo uache mezani, usirudi."

Niliutoa shingoni nikauweka mezani. Lakini vyeti vyangu halisi viko kabatini mwake tangu aliponiajiri, na amesema hatanipa mpaka nimkabidhi stoo jora kwa jora. Kazi hiyo ni ya siku tano, mpaka Jumamosi jioni, hata nikikimbia. Ningevinunua vyeti vingine? Havinunuliwi. Ningeviacha? Nilifikiri hivyo usiku kucha. Halafu nikakumbuka uliuza nini ili nivipate, nikaona sina haki ya kuviacha kwa mtu kama huyu. Kwa hiyo nahesabu. Zaituni ananisaidia bila kuombwa, na ameapa kwamba Mangi akibadili neno atakaa chini katikati ya duka na kuimba. Jumapili alfajiri nitakuwa kwenye basi, na barua ya Baba itakuwa kifuani mwangu, siyo kwenye begi.

Barua hii anaileta mteja wetu anayerudi Moshi na mapazia yake kesho, na atamkabidhi Mwalimu. Sikutaka kupiga simu yako, Mama, kwa sababu Mwalimu, ambaye ndiye aliyenieleza habari ya bati na kidole gumba, anasema siku hizi inakaa mfukoni mwa Baba Mdogo ili isipotee.

Naomba unifikishie salamu. Nisalimie Shangazi wa kilabuni, dada yake Baba, umwambie kwamba Jumamosi aje na kigoda chake akae nawe mlangoni. Yeye hajawahi kumwogopa Baba Mdogo, kaka yake. Nisalimie mlinzi wa kanisa, na yule mama anayekuletea majani ya ng'ombe. Baba Mdogo mfikishie shikamoo yangu, kamili, bila kupunguza. Mwambie pia kwamba maandishi ya marehemu yapo, na kwamba safari hii nami nimemjulisha, kwa lugha ya wazi, mbele ya mwalimu. Asipofika Jumapili jioni nitahesabu amekubali.

Kaka simtumii salamu, yuko hapo. Namwomba jambo moja. Asije kunipokea stendi akiwa ameshika jani la isale. Anajua ninalolisema: jani lile halikataliwi, na nikilipokea nitakuwa nimesamehe, ilhali bado sijui nasamehe nini.

Sasa, Kaka, kabla hujaikunja karatasi. Ulichukua maneno kumi ya Baba ukayapeleka ulikotaka. Haya ni yale uliyoyaacha, mstari wa tisa, kama alivyouandika kwa mkono wake wa kushoto. Mama hajawahi kuyasikia. Msomee, usimtazame Mwalimu, mtazame yeye:

*Nyumba ya juu ni ya mama yenu hadi pumzi yake ya mwisho.*

Ukimaliza, mpe karatasi aishike.

Binti yako,
Aikande